Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi Harambee Stars walipoilaza Morocco wakiwa kumi?

Wadau, naomba turudi Kasarani, Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025. Kenya 1, Morocco 0. Sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaionja CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na wenzetu walikuwa wameshalibeba kombe hilo mara mbili, makala ya 2018 na ya 2020. Bao la Ryan Ogam dakika ya 42 kila mtu analo kichwani. Mimi nataka kusikia kipindi cha pili, baada ya Chrispine Erambo kulimwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Ulizimalizaje dakika zile zote tukiwa pungufu?

Naanza mimi. Nilikuwa jukwaani, na mbele yangu alisimama mzee mwenye redio ndogo sikioni, ilhali mechi iko pale pale machoni pake. Morocco wakipata kona, anaishusha redio, anajifunika uso kwa kofia, anatuuliza, “Imetoka?” Tukimwambia imetoka, redio inarudi sikioni. Filimbi ya mwisho ilipolia alinikumbatia kwa nguvu na hatujuani hata jina. Tulilia wote wawili, na mimi si mtu wa machozi.

Beki Mstaafu
Mimi nimecheza beki miaka mingi, kwa hiyo mpira wenyewe sikuutazama sana, niliwatazama mabeki wetu. Mkiwa kumi, krosi ya kwanza si tatizo kubwa. Mtu ataipiga kichwa. Kinachoua ni mpira wa pili, ule unaodondoka nje ya boksi na hakuna wa kuufuata kwa sababu kiungo amechoka. Vijana walikuwa wanaufuata. Anatoka mmoja, wengine wanasogea kumzibia nafasi, wanarudi tena. Watu walimsifu Ogam, na anastahili, lakini kwangu mechi tuliishinda kwa hizo mbio ambazo kamera haizionyeshi. Heko pia kwa kocha Benni McCarthy.

Nesi wa Zamu
Nilikuwa kazini, wodi ya wanaume. Nilijua tumefunga kwa kelele za nje. Kipindi cha pili mgonjwa mmoja alikataa kulala mpaka mechi iishe, na sikuwa na moyo wa kumlazimisha.

Jirani wa Dar
Ndugu zangu Wakenya, siku ile niliwashangilia kwa moyo wote. Hao hao Morocco ndio waliotutoa robo fainali pale kwa Mkapa, 1-0, kwa hiyo najua ugumu wao. Kuwafunga ukiwa na watu kumi ni kazi kubwa sana, na mkae mkijua hivyo.

Mwana Kasarani
Niongeze jambo ambalo watu wanalisahau. Tuliifunga Zambia 1-0, Ogam tena, tukamaliza kileleni mwa kundi, Morocco nyuma yetu. Madagascar walitutoa kwa penalti na iliniuma wiki nzima. Lakini fainali ilipochezwa uwanjani kwetu, Morocco wakaichapa Madagascar 3-2 na kulibeba kombe. Katika mashindano yote yale, timu moja tu iliwashinda mabingwa: Kenya. Mwanangu nimeshamwambia, na tiketi ya siku ile nimempa yeye aitunze.