Naomba ushauri: niwafundisheje vijana habari za matowashi katika Biblia?

Ndugu wapendwa, nimepangiwa kuongoza somo la vijana kuhusu Matendo ya Mitume 8, ambapo Filipo anamkuta towashi (mwanamume aliyehasiwa) Mkushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi, akisoma Isaya garini wakati anarudi kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Kwamba wafalme wa kale waliwaamini wanaume waliohasiwa, kwa kuwa hawangezaa warithi wa kugombea kiti, hilo si gumu kulieleza. Kinachonitatiza ni sheria: Kumbukumbu la Torati 23:1 inawazuia wasiingie katika mkutano wa Bwana, ilhali Isaya 56 inawaahidi jina lililo bora kuliko wana na binti, na sura hiyo iko karibu kabisa na ile ya 53 aliyokuwa akiisoma msafiri yule. Je, nianze na mvutano huo, au na Mathayo 19:12, ambako Yesu anataja aina tatu za matowashi? Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, nao uliwazuia kuwa makasisi wale waliojihasi wenyewe wakiwa na afya njema, lakini ukawakubali waliohasiwa na tabibu kwa sababu ya ugonjwa. Nashawishika kuutaja, ingawa vijana wangu ni wepesi wa kucheka. Aliyewahi kulifundisha somo hili anielekeze, tafadhali.