Mjadala: Baiskeli zipigwe marufuku kando ya Regent's Canal?

Wadau, hasa mlioko London, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kuna mama mmoja anayeishi kwenye mashua huku kwetu mashariki mwa jiji. Kila tukisalimiana ananirudia jambo lile lile: baiskeli zitolewe kabisa kwenye njia ya kando ya mfereji, ziende barabarani. Sababu anayo. Mlango wa mashua yake unatazama njia hiyo, na mjukuu wake akitoka nje, hatua ya kwanza tu yuko mbele ya magurudumu.

Mimi napinga marufuku. Ila siwatetei hata kidogo wanaokwenda kasi pale.

Mfereji huu ulikamilika mwaka 1820, kutoka Paddington hadi Limehouse, kama kilomita 14. Njia ya kando ilikuwa ya farasi waliokokota mashua za mizigo kwa kamba. Siku ukipita Macclesfield Bridge, pale Regent's Park, shuka uguse nguzo zake za chuma. Vidole vinazama kwenye michirizi iliyochimbwa na kamba zile. Na michirizi iko pande mbili, kwa sababu mwaka 1874 mashua yenye baruti ililipuka chini ya daraja ikaua watu watatu. Nguzo zilisalimika, na daraja lilipojengwa upya zikageuzwa, kamba zikaanza kukwangua upande mwingine. Mimi nilipita hapo miaka miwili bila kuiona, mpaka siku niliyoamua kushuka na kuisukuma baiskeli nikitembea.

Basi njia inayomtosha farasi anayetembea ndiyo tunayogombania leo. Chini ya madaraja mengi, wawili wakikutana mmoja lazima apishe. Oktoba iliyopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa natembea na binti yangu chini ya daraja moja, kijana akatokea kwenye kona bila kupiga kengele. Usukani wake ulinigonga kiwiko, nikamvuta mtoto ukutani. Maji yalikuwa hatua moja kutoka kwake. Nilitetemeka mpaka nilipofika shule.

Hata hivyo bado napinga marufuku, na hoja yangu ni hii: nani ataumia? Yule kijana ana mapafu na ujasiri, ataingia barabarani na maisha yataendelea. Atakayekosa pa kwenda ni mzee anayeendesha polepole Jumapili, mama anayejifunza baiskeli ukubwani, mtoto wa miaka tisa. Hao ndio tutakaowasukuma katikati ya malori. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, nenda Islington. Mfereji unaingia kwenye handaki lisilo na njia ya miguu. Zamani farasi walipitishwa juu ya kilima, na sisi leo tunapanda mitaani vile vile. Binti yangu, aliyekuwa akiimba muda wote, hapo hunyamaza na kung'ang'ania breki.

Kanuni yenyewe ipo tayari. Canal & River Trust, shirika la hisani linalosimamia mfereji tangu 2012, linasema wazi kwamba mtembea kwa miguu ndiye wa kwanza. Wanaowahi kazini wanaivunja kwa kuwa njia ni tambarare, haina taa za kuwasimamisha wala magari. Wapewe mitaani njia zilizotengwa, wataondoka wenyewe. Cable Street, karibu na Limehouse, kuna njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi iliyotenganishwa na magari, na mwenye haraka anakwenda zake bila kumsumbua bibi yeyote. Barabara za namna hiyo sambamba na mfereji mzima, hilo ndilo la kudai, tena kwa sauti.

Wengine wanapendekeza viongezwe vizuizi vya chuma ili watu walazimike kushuka. Nilikuwa naunga mkono, mpaka nilipomwona baba mmoja mwenye kiti cha magurudumu amekwama kwenye kimoja, tukasaidiana kumgeuza arudi alikotoka. Tangu siku hiyo siviungi mkono tena.

Mnaoishi kwenye mashua, na mnaosukuma viti vya magurudumu au vigari vya watoto pale, naomba nyinyi mtangulie kusema: vizuizi vibaki au ving'olewe? Na mnaopita mbio asubuhi, ni barabara gani ingewatoa pale kesho?