MREJESHO: Tochi ndogo ya kumulika nguruwe pori shambani usiku

Wakuu, asanteni. Niliuliza tochi ndogo yenye mwanga mkali wa kuwasaka nguruwe pori wanaoingia kwenye mahindi usiku. Nimefuata ushauri wa kutoangalia lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga) peke yake: nimechukua yenye rifleta (kikombe kinachoakisi mwanga) ndefu na laini, betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji. Lumeni 1,000 zilizotawanyika zinamulika miguu yako tu. Mwanga uliokusanywa unafika mita 150 bila shida.

Betri ya kwanza ilikuwa feki. Imeandikwa mAh 9,900 (kiasi cha chaji inachobeba), wakati 18650 za kweli nyingi haziwi zaidi ya 3,500. Mzani uliiumbua: gramu 30, halisi huwa 45 na ushee. Aliyesema nipime, ubarikiwe.

Kichujio chekundu cha kuweka mbele ya tochi kimefaa nusu. Nguruwe hawashtuki haraka kwa kuwa wanaiona nyekundu kwa shida, ila umbali unashuka hadi mita 40 hivi. Kitumie kuwatafuta, kisha kivue kuwafukuza.

Mwanga wa juu kabisa unajipunguza baada ya dakika chache, tochi ikipata moto. Siyo ubovu, kaa kwenye wa kati. Ikianza kupepesa, futa springi na hesi za mfuniko kwa spiriti.