Naomba ushauri: mdahalo wa madaraka ya rais

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha historia huku Wete, Pemba. Alkhamisi wanafunzi wangu wana mdahalo: madaraka anayoongezewa rais wakati wa dhiki, hurudi dhiki ikipita? Ya Marekani nimeyapata: Roosevelt alichaguliwa mara 4, katikati ya mdororo na vita, kisha 1951 katiba yao ikaweka kikomo cha mihula miwili. Ya kwetu Zanzibar ndiyo yananikwamisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Baraza la Mapinduzi lilitawala na kutunga sheria lenyewe, hadi 1980 lilipoundwa Baraza la Wawakilishi. Nilimuuliza mzee mmoja barazani, akanimiminia kahawa tu: "Mwalimu, we somesha ya Wamarekani."

Je, mizani ya kurudi kwa madaraka niiweke 1980 au kwenye Katiba ya Zanzibar ya 1984? Na niwaongozeje vijana usije ukawa ugomvi wa vyama?