Mpelelezi wangu ni mchawi wa Kizungu, yuko Dodoma. Mtamsoma?

Steshenari_Majengo
Wakuu, habari za saa hizi. Mchana nauza daftari na kutoa kopi karibu na soko la Majengo, usiku naandika hadithi za kipelelezi na kuzirusha WhatsApp kwa sehemu. Hii mpya ndiyo inanitoa jasho. Mpelelezi ni mwanamke wa Mvumi aliyekaa Bristol miaka akitunza wazee, akarudi nyumbani akiwa mfuasi wa Wicca, ule upagani mpya wa Uingereza. Waingereza walifuta sheria yao ya uchawi mwaka 1951, kisha 1954 Gerald Gardner akatoa kitabu na mambo yakawa hadharani. Wana mungu wa kike na wa kiume, sikukuu nane za kufuata jua, na kanuni kwamba fanya upendalo mradi usimdhuru mtu. Shetani hayumo kabisa kwenye imani yao.

Sehemu ya kwanza ilipotoka tu, watu wakaanza kujitoa kwenye kundi. Wa kwanza shemeji yangu, mzee wa kanisa: "Mchawi hawezi kuwa shujaa." Haya, na kesi yenyewe imekwama. Familia moja huko Chemba inapukutika, kijiji kinamnyooshea kidole bibi jirani mwenye macho mekundu. Nilitaka mpelelezi afumbue kwa karata na mishumaa, lakini naona nitakuwa nimewapiga wasomaji changa la macho. Nimbadilishe awe mganga wa tiba asili, au nisonge naye hivi hivi? Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Bahi
Mwanangu, huko Kanda ya Ziwa bibi zetu wamekatwa mapanga kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na wewe unatuletea mchawi mwema? Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Inambana anayejidai ana uchawi, na inambana pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Huyo dada yako wa Bristol akijitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji tu, hadithi imeishia kituo cha polisi. Shemeji yako namuunga mkono.

BwanaAfya_Mstaafu
Shikamoo Mzee wa Bahi. Dada, usimbadilishe, na karata usizichome. Ila zisifumbue kitu.

Kesi yako imeshatokea, bila muuaji. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakawa ya njano. Waliugua 68, wakafa 20. Ilikuwa sumukuvu: sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Ukipika ugali, sumu inabaki. Sasa fikiria familia nzima inakula kutoka gunia moja, na ya jirani inakula la kwake. Mtu asiyejua ataona nini? Ataona nyumba moja imelengwa.

Hapo ndipo mchawi wako anapata kazi. Mpiga ramli angetaja jina akachukua mbuzi wake. Huyu kanuni yake inamzuia kumdhuru mtu, kwa hiyo hataji jina. Anakaa jikoni na yule mama aliyebaki anauliza: nani alikula nini, lini, mahindi yalitoka wapi? Anaingia stoo anakuta magunia yamelazwa kwenye sakafu ya udongo, hakuna chaga, upande wa chini umelowa. Yule mtoto aliyekuwa kwa shangazi yake Mpwapwa mzima wa afya, na mdogo wake aliyekuwa ananyonya bado yupo.

Mhalifu? Mtafute aliyemlipa mpiga ramli amtaje bibi. Shamba la bibi linapakana na la nani? (Niliyoyaona mimi kazini kuhusu mipaka ya mashamba siyaandiki hapa.)

Mrangi_wa_Kolo
Dada, hizo sikukuu nane zitakusumbua. Ni za nchi ambako kiangazi jua halitaki kuzama na baridi usiku hauishi. Huku mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima. Tarehe 1 Mei wenzake wanawasha moto kukaribisha kiangazi, sisi tuko kwenye maandamano ya Mei Mosi na fulana za kugawiwa. 31 Oktoba wao wanakumbuka wafu mavuno yakiisha, hapa ni vumbi tupu, tunasubiri mvua ya Desemba. Mfanye ahangaike na hilo, litachekesha.

Na ukimleta kwetu Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006, asijipitie tu na mishumaa yake. Wazee bado wanatambika pale. Aombe ruhusa, anyimwe. Sura nzima hiyo.

Mzee_wa_Bahi
Hapo kwenye mpaka wa shamba nimekuelewa, Bwana Afya. Lakini bado simpendi huyo mwanamke.

Steshenari_Majengo
Mzee wangu, usimpende, msome tu. Nasonga naye. Karata atazipanga usiku akikosa usingizi, basi. Mwenyekiti wa kijiji atamtishia na hiyo sheria ya 1928, naye atamuuliza mbona mpiga ramli hajakamatwa.

Bwana Afya, la mwisho: nikitaka alitambue gunia lenye sumukuvu kwa kunusa, linanuka vipi?

BwanaAfya_Mstaafu
Ukungu unaweza kunuka, sumu yenyewe haina harufu wala rangi. Punje safi kwa macho inaweza kuwa nayo. Mpe kifuko cha sampuli, apande basi la alfajiri aje mjini maabara, na mwenye shamba jirani awe kiti cha nyuma.