Kutoka kisiwani Mombasa kwa baiskeli ni kuhatarisha roho, na wahusika wanajua

Ndugu zangu wa baiskeli na msio wa baiskeli, uzi huu nauandika kwa hasira na sitabembeleza mtu. Mombasa ni kisiwa. Anayetaka kuendesha baiskeli kwenye barabara za minazi, za vilima na za kando ya mikoko, sharti kwanza avuke maji. Na pote pa kuvukia, daraja la Nyali, daraja la Makupa na feri ya Likoni, hakuna hata upana wa hatua mbili aliotengewa. Barabara za kupendeza tunazo tele. Mlango wa kuzifikia ndio tulionyimwa.

Asije mtu hapa akaniambia, "Si mzunguke Mama Ngina?" Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni hapa kisiwani, napapenda. Mibuyu ile, upepo wa bahari, meli zinazoingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yake. Lakini ukitoka Fort Jesus ukazunguka huko, muda si muda umerudi ulikoanzia. Mtu anayetaka kilomita 60 au 100 kabla jua halijawa kali ataenda wapi kama si bara?

Tuanze na Nyali. Daraja hili lilifunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931. Lina njia sita. Sita! Na katika hizo sita baiskeli haikufikiriwa. Pembeni kuna njia ya waendao kwa miguu, nayo alfajiri imejaa watu wa soko la Kongowea na mizigo yao, akina mama na mabeseni kichwani. Ukipanda huko na baiskeli unawasumbua wenye haki yao. Ukishuka barabarani, matatu inakubana mpaka kioo chake kinakugusa bega, na utingo anakufokea kana kwamba umemwibia.

Na mitaro. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kuna vifuniko vya mitaro, vile vya nondo, ambavyo nondo zake zimelazwa kufuata mwendo wa gari badala ya kukatisha. Nafasi kati ya nondo na nondo ni pana kuliko tairi ya baiskeli ya mbio, ambayo ni milimita 25 au 28 tu. Gurudumu langu la mbele lilizama humo lote hadi kwenye spoku. Nilirushwa juu ya usukani, nikaangukia kiwiko, rimu ikapinda isifae tena. Nashukuru Mungu kwamba gari la nyuma lilikuwa tuktuk na dereva wake alikuwa macho. Nilipopona nikaenda na picha kwenye ofisi inayohusika. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Ikagongwa muhuri, nikapewa nakala, nikaambiwa nisubiri. Kifuniko kiko vilevile hadi leo. Fundi wa kuchomelea akipewa vipande vinne vya nondo avikatishe juu ya zile, kazi yote haifiki saa moja. Hakuna zabuni ya kutangaza hapo, hakuna mkutano wa kuitisha. Ni kutojali tu, na kutojali huko kutaua mtu.

Ukifanikiwa kuvuka Nyali, kaskazini kuna safari nzuri mno. Bamburi, Shanzu, unavuka daraja la Mtwapa juu ya maji ya kijani, Kikambala, halafu mashamba ya mkonge ya Vipingo yamenyooka safu kwa safu mpaka macho yanachoka, kisha Kilifi na daraja lake. Waendesha baiskeli wa huku tunaipanga safari hii kwa pepo. Wakati wa kaskazi upepo unakukabili ukienda na kukusukuma ukirudi, wakati wa kusi ni kinyume chake. Na wasioendesha hawajui jambo moja: upepo ukitoka baharini upande wa kulia, basi kubwa likikupita linaukata ghafla, baiskeli inavutwa kuelekea basi. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukutupa upande wa pili. Upande wa pili kuna nini? Ukingo wa lami uliomeguka, urefu wa shubiri nzima, na chini yake mchanga. Kwa hiyo mtu akishikilia kwamba mwendesha baiskeli "aliyumba mwenyewe", ajue kuyumba huko kumetengenezwa na barabara. Upanuzi wa barabara hii ya kwenda Kilifi ndio nafasi yetu, na naogopa kila upana unaoongezwa utaliwa na magari kama kawaida.

Magharibi ndiko kunakoniuma zaidi. Huko ndiko kwenye barabara nzuri kuliko zote, nami sioni aibu kulisema hilo mbele ya watu wa Diani. Ukifika Mazeras ukakata kulia, kelele inaisha. Unaingia Rabai, ambako mmisionari Krapf alianzisha misheni mwaka 1846, unapanda na kushuka katikati ya minazi, mikorosho na miembe ya kivuli. Ukigeuka nyuma penye miinuko unaliona bonde likishuka kuelekea pwani. Njiani kuna misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ile ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Watoto wanakupigia kelele za furaha, dafu unakatiwa papo hapo. Unaendelea Ribe, Kaloleni, halafu ukitaka unateremka Mavueni na kutokea Kilifi. Lami, kivuli, milima ya kutosha kukutoa jasho. Ni nchi gani isiyotamani barabara kama hiyo mlangoni pake?

Sasa fika Mazeras kwanza. Daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 lilijengwa ili maji yapite chini, mahali pa lile tuta la zamani lililoziba mkondo, na kwa bahari hilo ni jambo jema. Lakini ukilivuka unaingia Changamwe na Miritini, kwenye njia ya malori ya mizigo ya bandarini yaendayo Nairobi, Uganda na Rwanda. Treila mbele, treila nyuma. Ukingo wa lami, pale ulipobaki, umegeuzwa maegesho: malori yamepangwa, turnboi, wasaidizi wa madereva, wanapika chai chini ya kontena. Wewe wa baiskeli unalazimika kutoka nje ya ukingo na kuingia katikati ya treila zinazotembea, na hao nao hawakuoni kwa sababu kibanda cha dereva kiko juu. Chini kuna kokoto na vumbi la klinka, malighafi ya saruji, linalokwaruza macho na kula cheni. Na mlima ndio unaanza hapo, kwa hiyo mwendo wako ni wa kutambaa. Hakuna hofu kama ya kusikia breki za upepo za treila zikipumua nyuma ya shingo yako ukiwa kwenye gia ya mwisho.

Najua baadhi yenu mnafunga baiskeli juu ya gari hadi Mazeras, ndipo mnashuka na kuanza. Sawa, siwalaumu. Lakini yule mzee anayetoka Rabai na mitungi ya mnazi miwili ubavuni na mmoja nyuma, kwenye baiskeli ya Black Mamba isiyo na gia, yeye ataifunga juu ya gari gani? Yule muuza samaki? Bawabu anayetoka zamu ya usiku Nyali kurudi kwake Kisauni? Kila mkutano tunaambiwa baiskeli ni chache, haziwezi kutengewa njia. Anayesema hivyo ni mwongo, aje Kongowea kabla ya alfajiri ahesabu baiskeli za mizigo kwa macho yake. Hawa hawavai nguo za kubana wala hawapigi picha za safari zao, basi wanahesabiwa kuwa hawapo.

Likoni sitasema mengi kwa sababu nyote mnaijua. Watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na wewe unasukuma baiskeli katikati yao kwenye mteremko unaoteleza, pedali inakwaruza miguu ya watu, unatukanwa, na wanaokutukana wana haki. Kwa nini pasiwe na kamba tu ya kutenga baiskeli na mikokoteni upande mmoja? Ng'ambo ya pili kuna Ng'ombeni, Kombani, halafu ule mlima wa kupanda Kwale hadi ukingoni mwa Shimba Hills, hifadhi pekee Kenya yenye palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda. Hewa ya juu kule ni baridi, huamini kama umetoka Likoni asubuhi hiyohiyo.

Na Dongo Kundu, ile barabara ya kwenda kusini bila kupanda feri? Watu wameniambia mara nyingi, "Tumieni Dongo Kundu." Daraja lake la Mteza lina karibu kilomita moja na nusu, chini yake maji ya Port Reitz na mikoko pande zote, na sijaona mandhari ya kuishinda hiyo katika kaunti yetu. Lakini barabara hiyo inaanzia Miritini. Kuifika ukitoka kisiwani ni lazima upitie Makupa na Changamwe, kwenye treila zilezile. Na ukishaingia, magari yanakimbia kwa sababu hakuna cha kuyazuia, na kati yako na hayo magari kuna mstari wa rangi tu.

Hoja ya pesa siikubali. Kuweka vijiwe vya kutenga njia wakati barabara inajengwa ni gharama ndogo mno kuliko kuja kuibomoa baadaye. Kuondoa malori ukingoni hakuhitaji bajeti, kunahitaji askari afanye kazi yake. Sheria ya trafiki tayari inasema mwisho wa mwendo mijini ni kilomita 50 kwa saa, basi isimamiwe Changamwe kama inavyosimamiwa siku kiongozi anapopita.

Ninachoomba sasa ni hiki. Mwenye picha ya kifuniko cha mtaro cha nondo za kufuata njia, aiweke hapa chini, aandike jina la barabara, stejini gani na upande gani. Wa Kisauni, wa Bamburi, wa Changamwe, wa Likoni, nyote. Mwenye ndugu aliyeumia naye aseme ni wapi na saa ngapi, bila kutaja namba ya simu wala jina. Mwisho wa mwezi nazichapisha zote, nafunga kwenye faili moja na nazipeleka mwenyewe kwenye ofisi ileile iliyonigongea muhuri. Anayeweza kufuatana nami aseme, twende wengi, na baiskeli zetu twende nazo.