Ushauri wenu wakuu: cheti kwanza, au mzee wa kunishika mkono? Kuwinda kulungu hapa Uingereza

Msafiri wa Mgeta

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Naishi Northamptonshire, kazi yangu ni udereva wa malori. Zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo alfajiri wenzangu wanapoamka mimi ndiyo natoka kazini. Barabara za huku saa hizo zimejaa kulungu. Wale wadogo, muntjaki, wanakatiza mbele ya taa, na falo wanatoka msituni kwa makundi kwenda kula mashambani. Kuna mkulima nimezoeana naye, amenionyesha ngano iliyolala na miche ya miti iliyotafunwa ncha. Anaye mzee mmoja anayemwindia miaka mingi kwa ruhusa yake. Mzee huyo kaniambia waziwazi nifuatane naye mwaka mzima, atanifundisha, na hivyo vyeti niwaachie watu wa ofisini.

Lakini kwenye klabu ya kulenga shabaha nilikojiunga wanasema kinyume. Wanataka nifanye kwanza kile cheti cha kuwinda kulungu daraja la kwanza, ndipo nitafute ardhi, kwa sababu mgeni asiye na karatasi hakuna mwenye shamba atakayemsikiliza.

Mimi nataka kulifanya jambo hili kwa haki. Nataka nyama safi ya familia yangu, na nataka mnyama afe pale pale bila mateso. Pesa ya kozi ipo ila si ya kuchezea, na muda ndio mgumu zaidi. Sheria nimeisoma, hainilazimishi kuwa na cheti. Sasa nianzie wapi? Waliopitia njia hii naomba wanieleze kwa undani. Pia mimi ni Mwislamu, kama kuna mwenye elimu kuhusu kuchinja katika uwindaji wa bunduki anifungulie.

Nawasilisha.

Kijana wa Perth

Karibu sana mkuu. Mimi niko Scotland, nafanya kazi kwenye shamba kubwa la milimani wanakowinda kulungu wekundu.

Kwenye sheria uko sahihi. Hapa hakuna cheti cha lazima. Unachohitaji ni leseni ya bunduki kutoka polisi, sababu ya msingi ya kuwa nayo, na ruhusa ya mwenye ardhi. Ila polisi wakikuuliza umejifunza wapi, cheti kinafupisha mazungumzo. Baadhi yao humwekea mgeni sharti la kuongozana na mzoefu kwa muda kabla ya kuachiwa awinde peke yake, kwa hiyo hata ukifuata njia ya karatasi, huyo mzee bado utamhitaji.

Daraja la kwanza ni siku chache darasani. Utasoma sheria, usalama, usafi wa nyama, na kuzitambua aina zote sita za kulungu wa nchi hii kwa picha. Halafu kuna mtihani wa bunduki: risasi tatu zikusanyike ndani ya duara la sentimita 10 kutoka mita 100, kisha unapiga picha ya kulungu kutoka mita 100, 70 na 40. Kwa mtu anayefanya mazoezi si mtihani wa kutisha. Kozi zinaendeshwa na vyama vya wawindaji na wapenda kulungu kama British Deer Society na BASC, na wapo walimu binafsi pia.

Nikwambie ukweli lakini: unaweza kukipata cheti hicho bila kuwa umemkaribia kulungu hai hata mmoja. Daraja la pili ndilo la porini. Huko unamtafuta mnyama, unampiga, unamtoa matumbo na kumkagua mbele ya shahidi aliyeidhinishwa. Ukivunja usalama hata mara moja, umeanguka.

Dada wa Kassel

Kaka, mimi naandika kutoka Ujerumani na msimamo wangu ni mmoja: cheti kwanza, tena kiwe cha lazima kwa kila mtu.

Huku huwindi bila kufaulu mtihani wa serikali. Kuna sehemu ya maandishi, ya mdomo na vitendo, na ya kulenga shabaha. Ukianguka kwenye shabaha, alama nzuri za sehemu nyingine hazikuokoi, sheria imesema hivyo wazi. Watu wanasoma miezi: magonjwa ya wanyama, miti, mbwa, silaha, mpaka namna ya kukisia umri kwa meno ya taya la chini. Mimi nilisoma baada ya kazi, watoto wakishalala, na sijutii hata jioni moja. Mnyama hana namna ya kukukatalia wala kukushtaki. Anayebeba bunduki ndiye wa kuthibitisha kwamba anajua, tena mbele ya watu wasiomjua wala kumpenda. Huyo mzee wako anaweza kuwa hodari sana, lakini nani amewahi kumpima?

Mzee wa Dungu

Mdogo wangu, marahaba. Nimeishi Uingereza muda mrefu na nawinda kulungu aina ya roe na falo kusini huku, zaidi nikiwa juu ya dungu. Nampa heshima dada wa Kassel, hoja yake ya kupimwa ni nzito. Ila namkumbusha kwamba hata hapo Ujerumani, mtu aliyefaulu mtihani hawezi kukodi eneo la kuwinda mpaka awe ameshika leseni miaka mitatu. Walioandika sheria hiyo walijua kuna kitu mtihani haukipi.

Kitu hicho hakipo kabla ya kufyatua tu, kipo zaidi baada yake. Kulungu akipigwa risasi ya kifua, mara nyingi haanguki. Anaruka, anapiga mateke, anakimbia na kupotelea kichakani. Mgeni anadhani amekosa, au anaondoka mbio kumfuata. Mzee aliye pembeni yako atakushika bega, atakwambia tia risasi nyingine chemba, kaa kimya, tazama alipopitia. Mkifika pale aliposimama, atapiga magoti na kukuonyesha. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, huyo yuko karibu na ameshakufa. Damu nzito iliyokoza ni ini. Ukikuta majimaji ya kijani yenye chembe za majani, na ulimwona amekunja mgongo na kuondoka polepole, hiyo imeingia tumboni. Huyo usimkimbize. Mwache alale, nenda kalete mbwa wa kufuata damu. Ukimkimbiza atajikokota mbali na kuteseka usiku kucha. Haya yameandikwa vitabuni, lakini mkono unatetemeka, jua linazama, na kitabu kiko nyumbani.

Kuna na kutofyatua. Kulungu amesimama vizuri ubavu, mita 60, lakini amesimama juu ya mgongo wa kilima na nyuma yake ni anga tupu. Risasi ya bunduki hizi inasafiri kilomita kadhaa isipokutana na udongo. Darasani kila mtu anajibu swali hilo sawasawa. Kule nje, baada ya kulala kwenye umande kwa muda wa saa mbili, ndipo utakapojua kama umelielewa, na ni vizuri pawe na mtu wa kukwambia "muache" kwa sauti usiyoweza kubishana nayo.

Chukua mfano wa muntjaki wako. Hana msimu wa kufungwa, yaani miezi ambayo ni marufuku kumwinda, kwa sababu anazaa mwaka mzima, kwa hiyo kila jike unayemwona huenda ana mtoto amemficha kichakani. Wanaojali huchagua jike mchanga ambaye hajazaa, au mwenye mimba kubwa kabisa. Huyo hushika mimba mara tu baada ya kuzaa, kwa hiyo tumbo likiwa kubwa, mtoto aliyetangulia ameshajitegemea. Somo hili utalisikia kwenye kozi. Kulitambua hilo tumbo kwa darubini, ndani ya sekunde chache anazokupa, kunataka asubuhi nyingi na mtu anayenong'ona pembeni.

Sasa onyo. Mwalimu mbaya anaambukiza. Kabla hujamfuata huyo mzee, mtazame. Je, anafyatua ikiwa imeshapita saa nzima tangu jua lizame? Hilo ni kosa la jinai bila kibali maalumu. Anakagua tezi za koo, za mapafu na za utumbo anapompasua mnyama, au anatupa matumbo shimoni bila kuyatazama? Tezi zilizovimba na usaha zinaweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe, na kuripoti ni lazima kisheria. Akishindwa hayo, mshukuru na umuage.

Porini Rungwa

Wakuu, mimi niko Tanzania na nimeajiriwa miaka kama mfuatiliaji wa nyayo kwenye vitalu vya uwindaji. Huku mwindaji bingwa anayeongoza wageni lazima awe na leseni, na askari wa wanyamapori anafuatana na msafara. Lakini nyati akijeruhiwa akaingia kwenye majani marefu, anayetangulia mbele ni sisi ambao hatuna cheti cha aina yoyote. Nyasi iliyolala, tone lililokauka upande mmoja, jiwe lililogeuzwa, hivyo nilionyeshwa na baba mdogo nikiwa kijana. Kaka, mfuate mzee. Utakuja kufanya hizo karatasi mbele ya safari.

Dada wa Kassel

Kaka wa Rungwa, nakuheshimu na ninaamini kila neno. Ila wewe umekulia ndani ya hiyo kazi. Mwenzetu ni mtu mzima, amekulia Morogoro akasome kuwinda Northamptonshire, tena kwa siku zake za mapumziko. Miaka uliyopewa wewe utotoni yeye hana. Kozi inampa ramani ya yale asiyoyajua, ili hata huyo mzee akikosea, ajue.

Kijana wa Perth

Naunga mkono hapo. Na mfano wa kosa ambalo mzoefu anaweza kukurithisha ni la risasi. England kulungu wengi wanataka bunduki isiyopungua kipenyo cha inchi .240 na nguvu ya futi-pauni 1,700. Muntjaki na kulungu wa maji wa Kichina ndio walioruhusiwa bunduki ndogo zaidi, .220 na futi-pauni 1,000. Scotland vipimo ni vingine kabisa, na hata misimu imebadilika: tangu Oktoba 2023 huku madume hayana tena msimu wa kufungwa. Wapo wazee wazuri sana ambao bado wanakariri sheria ya zamani.

Ustadh wa Leicester

Assalaam aleikum ndugu yangu. Kuhusu kuchinja, mnyama wa porini anayewindwa hukumu yake si ile ya mnyama wa zizini. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameikubali risasi kuwa chombo cha kuwindia. Ukimfikia bado ana uhai wa kutosha, unamchinja. Akiwa ameshakufa kwa risasi yako, ni halali inshallah. Kaa na sheikh wako uyahakikishe kabla hujaanza, hasa hilo la kumkuta hai, ili usije kusitasita mnyama akiwa anateseka mbele yako.

Msafiri wa Mgeta

Wakuu mmenifungua macho, Mungu awabariki. Ustadh, waaleikum salaam, nimekuelewa. Maswali mawili yamebaki. La kwanza, je, lazima ninunue bunduki na niwe na leseni kabla ya kujifunza? La pili ni gumu zaidi: huyu mzee nitamwambiaje kwamba nataka cheti pia, asione nimemdharau? Ni mtu mzima, amenikaribisha mezani kwake, na mkewe amenipikia.

Mzee wa Dungu

La kwanza: hapana, tena nakuomba usinunue kitu sasa. Sheria inamruhusu mwenye leseni kukuazima bunduki yake kwenye ardhi aliyoruhusiwa, mradi uwe umetimiza miaka 17 na uwe mbele ya macho yake muda wote. Kwa hiyo miezi ya mwanzo uko naye na bunduki yake. Kozi nyingi nazo wanakupa ya kufanyia mtihani. Nunua darubini nzuri ya macho mawili, hiyo usibanie pesa. Utatazama mara mia kabla ya kufyatua mara moja.

La pili: usimwambie unakwenda kusoma kwa wengine. Mpelekee kitabu cha kozi, mwombe akusomeshe kwa ajili ya mtihani. Akusikilize majibu mkiwa kwenye gari, akuonyeshe tofauti ya matako ya roe na ya falo mkiwa dunguni. Mwambie pia kuhusu nyama. Kwa kawaida mfanyabiashara wa nyama pori anataka mzoga uje na tamko la mwindaji aliyefunzwa kuukagua, na hicho cheti cha daraja la kwanza kinatosha kukupa hadhi hiyo. Kama yeye hana, utakuwa umemletea kitu mkononi. Kisha daraja la pili liache mpaka yeye mwenyewe aseme uko tayari.

Dada wa Kassel

Hapo kwa kweli nimekubali, na sikubali kirahisi. Ila kaka, weka tarehe ya kozi kabisa, ilipie, isije ikawa ni ya mwakani kila mwaka.

Msafiri wa Mgeta

Nimelipia nafasi ya mwezi wa tatu. Na nimempigia mzee jana jioni. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hicho kitabu kina sheria mpya za risasi, maana ana maswali yake. Msimu wa kuwinda majike ya falo unafunguliwa tarehe 1 Novemba. Kabla ya hapo ananitaka Jumamosi hii saa kumi na moja alfajiri, nije na darubini tu, bunduki atabeba yeye.

Porini Rungwa

Safi sana kaka. Tembea nyuma yake, ukanyage alipokanyaga yeye.

Kijana wa Perth

Na suruali ichomeke ndani ya soksi. Kupe wa huku wana ugonjwa wa Lyme. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwenye kinena kabla ya kulala.